Kupanga masomo ya jamii kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita

Shule nyingi za sekondari Tanzania zina msemo wa chini chini: mwenye akili anakwenda sayansi, aliyeshindwa hesabu anabaki "arts". Basi mwanafunzi wa sayansi hupangiwa kila kitu, tuisheni, maabara na vitabu, na yule wa Historia na Jiografia huachwa ajisomee mwenyewe, eti ni masomo ya kusoma tu. Nimefundisha HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) muda wa kutosha kuona dhana hiyo inavyowaponza vijana. Wanaoanguka Historia kidato cha sita mara nyingi wamekariri sana. Wanachokosa ni uwezo wa kujenga hoja kwa Kiingereza kurasa tatu nne mfululizo, na kusoma ramani bila kubahatisha. Uwezo huo hauji kwa miezi miwili ya kukesha, kwa hiyo mpango wake unaanzia kidato cha kwanza.

Haya yafuatayo ni ya mwanafunzi, lakini mzazi naye asome, hasa yule anayesema "mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Kuna mahali pake.

Hatua ya 1: Kusanya nyaraka nne kabla ya kununua kitabu chochote

Ya kwanza ni muhtasari wa somo kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Huo ndio unaosema topiki zipi zinafundishwa kidato kipi. Ya pili ni fomati ya mtihani ya Baraza la Mitihani (NECTA), inayoonyesha sehemu ngapi, maswali mangapi, alama ngapi. Ya tatu ni mitihani iliyopita, angalau ya miaka mitano. Ya nne ndiyo ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia: kila mwaka NECTA huchapisha taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na huiweka kwenye tovuti yake bure. Humo utakuta kurasa halisi zilizoandikwa kwa mkono na watahiniwa, jibu zuri na jibu baya, na maelezo ya kwa nini huyu alipata na yule akakosa. Ukiwa na taarifa za miaka mitatu za Historia, unazo siri nyingi kuliko desa lolote (notsi fupi za kukariri) linalouzwa stendi.

Angalia pia uko kwenye mtaala upi. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Madarasa yaliyoanza na mtaala wa zamani yanaendelea na Uraia. Usiazime daftari la kaka yako ukadhani mmesoma kitu kimoja. Na kama shule inakutaka uchague masomo mapema, muulize mwalimu wa taaluma lipi ni la lazima na lipi ni la hiari kwa darasa lako kabla hujaliacha Historia. Ukiliacha leo, tahasusi zote zinazoanza na H, yaani mafungu ya masomo matatu ya kidato cha tano yenye Historia, umezifunga kwa mkono wako.

Hatua ya 2: Kidato cha kwanza, shughulika na lugha

Shule ya msingi mtoto amesoma Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili. Anajua mvua, mito, machifu, mipaka ya mkoa wake. Akiingia kidato cha kwanza, mambo yale yale yanarudi kwa Kiingereza, na ghafla anaonekana hajui kitu. Hapo ndipo tabia ya kukremu inapozaliwa: anakariri tafsiri ya kila dhana neno kwa neno kwa sababu hana sentensi za kwake.

Dawa yake ni ya kila siku na haina gharama. Chukua topiki moja, tuseme mmomonyoko wa udongo. Kwanza ieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu wa nyumbani. Mzazi, hii ndiyo nafasi yako: kaa usikilize, na uulize "kwa nini?" kila anapotoa sababu. Mtoto akisema mifugo mingi inaharibu ardhi, muulize inaharibuje. Ikibidi mpe mfano wa Kondoa, ambako makorongo yalikula ardhi hadi serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Akishaweza kueleza mnyororo mzima, majani kuliwa, udongo kubaki uchi, mvua kuusomba, korongo kuchimbika, ndipo aandike sentensi tano za Kiingereza. Tano tu, za kwake, zenye makosa yake. Mwalimu atasahihisha. Kesho tano nyingine.

Mwisho wa mwaka ana mamia ya sentensi alizozitunga mwenyewe. Mwenzake ana daftari la tafsiri zilizonakiliwa ubaoni.

Hatua ya 3: Chora mstari wa miaka, utakaokaa nawe hadi kidato cha sita

Nunua manila mbili, ziunganishe, chora mstari mmoja. Kila topiki ya Historia inapokwisha, ongeza miaka miwili mitatu, isizidi. Unatafuta vigingi vya kufungia mambo mengine, kwa hiyo vikizidi havina kazi. Kwa Tanzania, hivi vinatosha kuanzia: mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Maji Maji 1905 hadi 1907, TANU 1954, uhuru wa Tanganyika 1961, Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano 1964, Azimio la Arusha 1967, CCM 1977, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, kurudi kwa vyama vingi 1992.

Juu ya mstari andika ya Afrika, chini yake ya dunia. Vita vya pili vya dunia vinaisha 1945, na miaka tisa baadaye TANU inazaliwa. Ukiyaona haya mawili karatasi moja, swali la namna vita ilivyochochea harakati za uhuru halikutishi tena.

Hatua ya 4: Kidato cha pili

Hapa sina mengi. Kuna upimaji wa kitaifa mwishoni, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Pitia maswali ya nyuma muhula wa pili. Kosa la kuepuka ni kuitupa Hisabati kwa kuwa "mimi ni mtu wa arts". Utaihitaji kwenye Jiografia mwaka unaofuata, na ukitaka kusoma Uchumi baadaye utaihitaji zaidi.

Hatua ya 5: Kidato cha tatu, mwaka wa kazi

Ningeambiwa nichague mwaka mmoja tu wa kumkazania mwanafunzi, ningechagua huu. Kidato cha nne kina mock, mahafali na presha. Kidato cha tatu kina nafasi.

Kazi ya kwanza ni ramani. Wengi huikimbia kwa sababu mwalimu aliipitia haraka, au shule ina karatasi mbili za ramani kwa watoto themanini. Lakini ni sehemu ya Jiografia ambapo jibu ama ni sahihi ama si sahihi, na alama zake huwezi kunyang'anywa na Kiingereza kibovu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Kila mraba wa gridi ni kilomita moja ya mraba. Ukitaka eneo la msitu, hesabu miraba iliyojaa, tuseme 17, kisha isiyojaa, tuseme 12, igawe kwa mbili upate 6, jumla ni kilomita za mraba 23. Mwinuko nao ni hivyo hivyo: kutoka mita 1,240 hadi mita 1,400 umepanda mita 160, umbali kwenye ramani ni sentimita 6.4, yaani mita 3,200. Gawanya 3,200 kwa 160, unapata 20, yaani mwinuko wa 1 kwa 20. Ukitaja mahali kwa namba za gridi, usisahau kwamba namba za mashariki husomwa kwanza, za kaskazini baadaye. Kila mwaka nawaona vijana wanazigeuza, na wanajua.

Fanya zoezi moja la ramani kila wiki, nusu saa, mwaka mzima. Kama shule haina ramani, mitihani iliyopita inazo kipande kipande, chapisha kwa rangi, maana ramani ya kontua ikitolewa kopi nyeusi haisomeki.

Kazi ya pili ni insha. Moja kwa wiki, ya Historia wiki hii, ya Jiografia wiki ijayo. Na hapa jifunze kuyaunganisha masomo, kwa sababu mfano mmoja ulioiva unalisha masomo mawili. Chukua mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwanafunzi wa kawaida huandika hivi: "Mpango wa karanga ulishindwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, udongo mbaya na ukosefu wa utaalamu." Hoja tatu katika sentensi moja, na hakuna hata moja iliyoelezwa. Msahihishaji anaona orodha.

Sasa ona hoja moja tu ikifunguliwa: "Udongo wa Kongwa ni wa mfinyanzi mwekundu, na kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi, hivyo zao linapokuwa tayari kuvunwa ndipo ardhi inapokataa kufunguka. Mitambo mingi iliyotumika ilikuwa mabaki ya vita, ikaharibika upesi. Waliopanga walikuwa na haraka ya kupata mafuta ya kula kwa Uingereza iliyotoka vitani, hawakusubiri majaribio ya udongo." Aya hiyo ina sababu ya kijiografia, ya kiufundi na ya kisiasa, na zote zimeshikana. Ya namna hiyo tano au sita, na utangulizi mfupi na hitimisho, ndiyo insha. Bila shaka mtihanini utaiandika kwa Kiingereza, lakini kama hujaweza kuifikiri kwa lugha yoyote, Kiingereza hakitakuokoa.

Soma swali linaomba nini. Ukiombwa sababu usitoe athari. Inaonekana jambo dogo, na taarifa za NECTA mwaka baada ya mwaka zinalitaja.

Uraia, kwa wanaosoma, usiuache uwe somo la kulalia. Soma Katiba yenyewe, ya mwaka 1977, hata ibara za haki za binadamu tu, 12 hadi 24. Ni rahisi kuliko notsi.

Hatua ya 6: Kidato cha nne, pepa na tahasusi

Muhula wa kwanza malizia topiki. Muhula wa pili ni pepa kwa saa, bila daftari, bila simu. Ni hayo.

Linalohitaji kichwa kilichotulia ni tahasusi, kombi kwa lugha ya mtaani. Wazazi huangalia daraja, la kwanza au la pili, wakashangilia. Serikali ikipanga wanafunzi wa kidato cha tano huangalia pia masomo matatu ya tahasusi yenyewe, na humo unatakiwa uwe na A, B au C. Chukua vijana wawili, wote daraja la pili kwa pointi 20. Mmoja ana B ya Historia, C ya Jiografia, C ya Kiingereza. Wa pili ana A ya Kiswahili, B ya Baiolojia, lakini D ya Kiingereza. Cheti kinafanana kwa mbali, ila wa pili HGL haimhusu. Kwa hiyo mapema kidato cha nne, andika masomo matatu unayoyalenga kwenye karatasi, ongeza la nne la akiba, na yape hayo manne nusu ya muda wako wa kujisomea.

Zipo nyingi za kuchagua, na mwaka 2024 orodha ilipanuliwa sana, zikaongezwa za muziki, michezo, lugha za kigeni na elimu ya dini. Kwa masomo ya jamii zile kongwe bado ndizo zenye shule nyingi. HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, ni miongoni mwa zinazojaa sana. Inafungua sheria, ualimu, uandishi wa habari, utawala. HKL inaacha Jiografia na kuweka Kiswahili. Ni nzuri kwa mpenzi wa lugha wa kweli. HGK watu huidhani rahisi kwa sababu ya Kiswahili. Wakikutana na sarufi na uhakiki wa fasihi wa kidato cha tano, wanatuomba kuhama. HGE ina Uchumi, ambao wengi huukuta kwa mara ya kwanza kidato cha tano, na umejaa grafu na hesabu. Mimi humshauri kijana mwenye C ya Hisabati achague HGE kabla ya HGL, maana ushindani ni mdogo na milango ni mingi. EGM nayo ni ya mwenye Hisabati ya uhakika. Anayeipenda Jiografia ya mipango miji na ardhi aitazame hiyo.

Ukijaza Selform, fomu ya kuchagua shule na tahasusi, usiangalie jina la shule tu. Angalia shule ina tahasusi hiyo. Na baada ya matokeo kutoka, dirisha la kubadilisha machaguo hufunguliwa kwa muda. Matokeo yakikushangaza kwa uzuri au kwa ubaya, rudi uyarekebishe. Wengi hawarudi, kisha wanalalamika Julai.

Hatua ya 7: Miezi ya kukaa nyumbani

Mtihani unaisha Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Wengine huingia madarasa ya maandalizi wakasomeshwa topiki mbili tatu za mbele. Sina neno nayo kama fedha ipo. Kama haipo, soma gazeti la Kiingereza kila siku, ukurasa wa maoni, na ufupishe makala moja kwa aya moja. Fanya hivyo miezi sita na utaingia ukiwa mbele ya waliolipa.

Hatua ya 8: Kidato cha tano na cha sita

Watu husema "miaka miwili ya advance". Anza Julai, mtihani Mei ya mwaka wa pili baada yake, toa likizo, mock na wiki za kuripoti: muda wa kufundishwa haufiki hata mwaka na nusu. Historia ina karatasi mbili, ya kwanza imeegemea Afrika, ya pili dunia. Jiografia nayo mbili. Wiki ya kwanza gawa topiki zote kwa miezi, na acha miezi mitatu ya mwisho bila topiki mpya. Mwalimu akichelewa, usichelewe naye.

Jua pia kwamba mizani imebadilika. Kidato cha nne C ilianzia alama 45. Kidato cha sita C inaanzia 60, na 45 sasa ni E. Vijana waliozoea kupata 50 na kuridhika hushtuka muhula wa kwanza. Chuo kikuu, kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili wenye pointi 4, ambapo A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kila kozi huongeza masharti yake, na kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoka kila mwaka. Kisome ukiwa kidato cha tano. Nimeona mwenye daraja la kwanza akikosa kozi aliyoitaka kwa sababu ya somo moja ambalo angeweza kulichagua mwanzoni.

Dakika nazo zina hesabu yake. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, yaani swali la alama 20 lina dakika 36. Toa sita za kusoma swali na kupanga hoja, unabaki na nusu saa ya kuandika. Fanya mazoezi kwa nusu saa hiyo, saa ikiwa mezani. Anayeandika insha ya kwanza dakika 55 kwa sababu anaijua vizuri, ya mwisho ataiandika kwa vidokezo, na vidokezo vina alama chache.

Desa sitalikataza, maana hamtanisikia. Litumie kama orodha ya topiki, kisha rudi kwenye kitabu. Wasahihishaji wanayafahamu madesa yote. Wakikuta mfano ule ule wa nchi ile ile kwenye karatasi arobaini mfululizo, wa Kondoa au wa Kongwa ulioeleza mwenyewe utawaamsha. Na kundi la kujisomea liwe la watu wanne hivi, kila mmoja afundishe topiki yake kwa Kiingereza bila kusoma daftari. Somo la jumla, GS (General Studies), kwa wanaolisoma, lipe saa moja kwa wiki, lisikuangushe kwa dharau.

Ikitokea umepata D ya somo moja la tahasusi kidato cha nne, usirudie yote. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urisiti hilo moja. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kupitia vituo vya mitihani, na ada huongezeka kwa anayechelewa, kwa hiyo ulizia kituo kilicho karibu mara tu matokeo yanapotoka Januari, ukiwa na namba yako ya mtihani.